Daftari la Kutoka Kulia

Mficha uchi hazai. Methali hii walimu wengi huifundisha wakitazama dirishani, kwa sababu ina neno moja linalowatia haya, basi huisema upesi upesi wakapita. Lakini wazee walioitunga hawakuwa watovu wa adabu. Walikaa nje ya nyumba za uzazi, wakamsikia mkunga akimbembeleza mwanamke ajifunue asaidiwe, na mwanamke akazidi kuikaza nguo yake kwa mikono miwili huku mtoto anamfia tumboni. Mwenye shida asiyetaka shida yake ionekane hana wa kumsaidia. Maana ni hiyo tu. Na kama kuna mtu bado ana shaka nayo, aje Garissa, mtaa wa Galbet, aulize habari za Rukiyo wa maziwa.

Rukiyo alizaliwa Diff, huko mpakani, ambako ukirusha jiwe kwa nguvu linaangukia Somalia. Baba yake alikuwa na ngamia sitini na wawili, na Rukiyo, kabla hajatimiza miaka kumi, aliwajua wote kwa majina, na mama zao, na bibi zao. Asubuhi alikwenda dugsi, yaani chuo cha Kurani, akaandika aya kwa wino wa makaa kwenye ubao wa mbao. Baada ya hapo alichunga mpaka jua linatua. Shule ya serikali aliijua kwa bati lake tu, lilivyong'aa kwa mbali alipopita na mifugo.

Ukame ulipowamaliza ngamia, familia ilihamia Garissa mjini, na Rukiyo akaanza kuuza maziwa sokoni. Madumu yake ya njano aliyafunga vitambaa shingoni: kitambaa chekundu kwa wafugaji wa upande huu, cha kijani kwa wa upande ule. Wateja walidhani ni urembo. Kumbe vitambaa vile ndivyo vilivyokuwa maandishi yake, maana herufi za shule hakuzijua hata moja. Jina lake alijua kulichora kwenye fomu, kama mtu anavyochora chapa ya ukoo kwenye shingo ya ngamia, lakini ungemwuliza herufi ya pili inaitwaje, asingekujibu.

Usimwite mjinga, tafadhali. Kurani aliisoma kwa ufasaha, na mwandiko wake wa Kiarabu ulikuwa mzuri kuliko wa wanaume wengi wa mtaani. Lakini mjini mtu haitwi msomi kwa mwandiko huo. Rukiyo alilijua hilo, na likawa donda lake la siri.

Alikawia kuolewa kwa sababu ya kulea wadogo zake. Alipofika miaka thelathini na mitano, akaja mposaji: Mustafe, mtu wa Wajir, aliyekuwa Ujerumani mwaka wa saba, akipika katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa mpole, mcheshi, na alikuwa na sharti moja. "Nitafutieni mke aliyesoma," aliwaambia wazee. "Kule karatasi hazikwishi. Mke asiyesoma atateseka."

Adeer Warsame, baba mdogo wa Rukiyo, hakupepesa hata jicho. "Huyu wetu amefika kidato cha pili, hapo Wajir," alisema. "Ni msomi kabisa, wallahi."

Wallahi! Mzee mzima, ndevu zimepakwa hina, anaapa uongo mbele ya chai. Rukiyo alikuwa nyuma ya pazia na alisikia kila neno. Angeweza kukohoa, angeweza kumwita shangazi na kumnong'oneza. Lakini alipokuja kuulizwa kama ameridhia, aliinamisha kichwa akanyamaza, na kwetu kimya cha mwari ni ndiyo. Kwa kimya hicho aliupokea uongo pamoja na mume.

Walikaa pamoja siku arobaini kabla likizo ya Mustafe haijaisha. Nani asingezitamani siku zile! Alimsimulia theluji, naye akamsimulia ngamia wa baba yake mmoja mmoja mpaka usingizi ukawachukua. Walipendana kweli. Jambo moja tu lilimshangaza Rukiyo: mumewe alisoma ujumbe wa simu polepole sana, midomo ikichezacheza. Alidhani ndivyo wasomi wanavyosoma.

Mustafe aliporudi Ujerumani, likaja sharti la serikali ya huko: mke hapewi viza ya kumfuata mumewe mpaka afaulu mtihani wa Kijerumani cha mwanzo. Kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Rukiyo alikuwa ameingia miaka thelathini na sita na hakuwa na mtoto. Alitaka mtoto kama ardhi ya Diff inavyotaka mvua, na baba wa mtoto huyo alikuwa ng'ambo ya mtihani. Kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi usiorudi, naye alijua.

Akajiandikisha kwa Mwalimu Kerrow. Huyu alikuwa ameishi Ujerumani miaka kumi na mmoja, akarudi kumwuguza mamake, akakodi chumba nyuma ya duka la misumari na mabati. Saa mbili kamili asubuhi alifunga mlango, na aliyechelewa alijifunza Kijerumani kupitia dirishani. "Huko saa mbili si saa mbili na robo," alisema. "Jumapili hupigi kelele. Taka unazitenga: karatasi huku, chupa kule. Jioni watakupa mkate baridi, na usiwaulize chakula kiko wapi, hicho ndicho chakula."

Siku ya tatu akaandika ubaoni maneno matatu mafupi. "Kwa Kijerumani kila kitu kina jinsia. Meza ni dume: der Tisch. Taa ni jike: die Lampe. Mtoto si dume wala si jike: das Kind."

"Na msichana?" aliuliza Abdilatif, dereva wa lori ambaye naye alikuwa na mke huko.

"Das Mädchen. Si dume wala si jike."

Darasa likaangua kicheko. "Hawa watu wamechanganyikiwa!" alisema Abdilatif. "Meza ni mwanamume, na msichana hajulikani ni nini! Mwalimu, sisi hatuwezi hii kitu."

Rukiyo hakucheka. Alikuwa anaona kundi. "Mwalimu, mbona ni rahisi?" alisema, na kila mtu akageuka. "Der ni ngamia dume wa mizigo. Die ni jike wa maziwa. Das ni ndama, bado yuko zizini. Meza inabeba vitu, basi ni dume. Msichana ni ndama kwa sababu hajaondoka kwa mama yake. Na maziwa?"

"Die Milch," alisema Kerrow. "Jike."

"Haye! Nani alishawahi kukamua dume?"

Kerrow alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo Rukiyo hakukosea jinsia ya neno hata moja. Siyo kila neno lilikuwa na sababu, lakini kwani ngamia naye anazaliwa jike kwa sababu? Unamwona, unamjua, basi. Kijiko alikuwa dume, uma alikuwa jike, kisu alikuwa ndama. Mlango jike, ufunguo dume, dirisha ndama. Kila alfajiri, akisubiri maziwa yafike kutoka porini, aliwapeleka wote kisimani kichwani mwake, akawanywesha mmoja mmoja, na neno likikosekana alijua kama baba yake alivyojua, bila kuhesabu. Wenzake waliosoma mpaka kidato cha nne walimwuliza yeye. Mwalimu alimsifu mbele ya watu.

Na maneno hayo aliyahifadhi wapi? Hapo ndipo pana mambo. Alikuwa na daftari dogo alilolificha mapajani, chini ya mtandio. Mwalimu aliposema neno, Rukiyo aliliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, vile lilivyosikika. Sauti ambayo herufi yake haikuwepo aliitungia mwenyewe kwa kuongeza nukta. Kijerumani kizima cha Mwalimu Kerrow kiliingia humo, kimekaa kama uradi. Jirani zake walipochungulia na kuona mwandiko ule, walitikisa vichwa kwa heshima. "Mashallah," walinong'ona, "hata darasani haachi kumtaja Mungu."

Siku Kerrow alipomwita ubaoni asome, Rukiyo alishika kipaji cha uso. "Macho, mwalimu. Yananiuma." Alipomwita tena, macho. Kerrow ni mtu mwema, na wema wake ukawa balaa. Madaktari wa macho walipokuja mjini kupima watu, alimpeleka mwenyewe, akapanga foleni naye juani. Rukiyo akamwambia daktari haoni vizuri. Alipewa miwani. Miwani ile ilimtia kizunguzungu kwa sababu macho yake yalikuwa mazima, macho ya mtu aliyeweza kumtambua ngamia wa jirani kutoka kilima cha pili. Lakini aliivaa kila siku. Uongo ukapata mahali pa kukaa: juu ya pua.

Mwezi wa pili wa masomo, miezi miwili kabla ya mtihani, Kerrow aliweka chaki chini. "Leo nawafundisha desturi moja ambayo ni muhimu kuliko sarufi," alisema. "Mjerumani akikuuliza kama umeelewa, anauliza kweli. Si kama sisi, tunaosema 'haye, haye' ili mtu asijisikie vibaya. Ukimwambia ndiyo, anaamini, anakwenda zake. Ukimwambia sijui, anakaa na wewe mpaka ujue. Huko kusema sijui si ceeb."

Ceeb! Kwetu neno hilo ni zito kuliko gunia la chumvi. Ni aibu, ni fedheha, ni jina la ukoo kuburutwa sokoni. Watoto hulisikia kabla hawajajua kutembea.

"Basi," Kerrow aliendelea, "kama kuna mtu humu ambaye hizi herufi zinamsumbua, aniambie faraghani. Nimewahi kumfundisha mzee mmoja mchungaji kutoka Kutulo, hajawahi kushika kalamu ya shule. Lakini Kurani alikuwa anasoma. Ilichukua wiki sita tu. Mtu anayejua mwandiko mmoja, jicho lake limeshafunguka, la pili halimshindi. Wiki sita. Mmeelewa?"

Aliwatazama wote, kisha akamtazama Rukiyo kidogo zaidi. Rukiyo akaisogeza miwani yake.

"Haye, mwalimu," alisema pamoja na wenzake. "Tumeelewa."

Na Kerrow, aliyekaa kwa Wajerumani miaka kumi na mmoja, aliamini.

Ukimwacha Adeer Warsame, mtu mmoja tu aliijua siri: Sabrin, binti wa kaka yake Rukiyo, mwanafunzi wa sekondari. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma ujumbe wa Mustafe na kuujibu kwa niaba ya shangazi yake. Siku ile alimkuta Rukiyo anaosha madumu, akachuchumaa kando yake.

"Eeddo, mwambie tu mwalimu. Yeye ni poa, hatakucheka."

"Naa, nyamaza! Nisemwe Galbet nzima? Mke wa Mustafe, msomi wa Wajir, hajui hata A?"

"Si akufundishe hiyo A? Ama nikufundishe mimi. Tuanze leo."

"Nianze kufundishwa na mtoto niliyemfunga nepi? Mimi?"

"Sasa kwa mtihani utafanya aje, eeddo?"

"Mungu atafungua."

Mungu alikuwa ameshafungua. Alimletea mwalimu, akamletea mtoto wa kaka, akampa miezi miwili wakati zilihitajika wiki sita. Rukiyo ndiye aliyeuegemea mlango kwa mgongo wake.

Siku ya mtihani walisafiri mpaka Nairobi. Katika sehemu ya kusikiliza, Rukiyo alielewa kila kitu kilichosemwa: treni imechelewa, daktari yuko ghorofa ya pili, nyanya zimeshuka bei. Alielewa, lakini maswali yalikuwa yameandikwa, basi palipokuwa na picha alijibu na palipokuwa na maneno alitia alama mahali popote. Sehemu ya kusoma aliitia alama kama mtu anayetawanya mahindi kwa kuku. Kisha ikaja sehemu ya kuandika. Msimamizi aliwasomea maagizo kwa sauti: mwandikie mtu barua fupi, mwambie unafika lini, unafika vipi, mwombe aje kukupokea.

Barua hiyo Rukiyo alikuwa nayo moyoni siku nyingi. Alikuwa nayo hata kabla hajajua kwamba kuna mtihani. Aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, maana ulikuwa unataka kuandika, kutoka kulia, kwa herufi alizozijua. Kalamu iligusa karatasi. Nukta moja ya wino ilibaki hapo. Akawaza: wakiiona, watajua. Watampigia Kerrow, Kerrow atajua, Abdilatif atajua, na mpaka magrib soko zima la maziwa litajua. Akaichora chapa ya jina lake juu ya karatasi, akaiacha sehemu nyingine yote nyeupe.

Kwenye kuzungumza, baada ya hapo, aliwashangaza watahini. Alijitambulisha, akauliza, akajibu, akaomba maji na akashukuru. Kila jinsia ilikaa mahali pake. Mtahini mmoja, mama wa makamo, alitabasamu na kumwambia kwa Kijerumani kwamba amesema vizuri sana. Rukiyo alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akalia mpaka mtandio ukalowa.

Matokeo yalikuja baada ya wiki tatu. Kuzungumza, ishirini na nne katika ishirini na tano. Kuandika, sifuri. Jumla, arobaini, na waliofaulu ni wa sitini kwenda juu. Abdilatif, aliyeendelea kuiita meza msichana, alipata sitini na moja, akachinja mbuzi.

Kerrow aliishika karatasi ya matokeo kama mtu aliyeshika nyoka. "Dada Rukiyo, sielewi. Mtu anazungumza hivi, halafu anaandika jina tu na kuacha karatasi tupu? Uliugua?"

Rukiyo aliikunjakunja ncha ya mtandio.

"Au hutaki kwenda? Niambie ukweli. Umekataa?"

Hapo, ndugu msomaji, ndipo palipouma. Mwalimu aliuliza kwa uchungu tu, lakini Rukiyo aliliona swali lile kama mlango. Mwanamke aliyekataa ana kiburi, na kiburi kina heshima yake. Mwanamke asiyejua ana nini? "Chukulia hivyo, mwalimu," alisema, akavua miwani akaiweka mezani, akaondoka.

Jioni hiyo Mustafe alipiga simu. Alikuwa ameshapewa habari na watu wa mjini, kwamba mke wake anaongea Kijerumani kuliko darasa zima ila ameacha karatasi tupu kwa makusudi. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Rukiyo, nakuuliza mara moja. Nimetengeneza chumba. Nimenunua kitanda cha mtoto, Mungu anisamehe kwa haraka yangu. Kama hutaki kuja huku, sema. Hutaki kuja?"

Sabrin alikuwa amekaa kando, akamshika shangazi yake mkono. "Mwambie, eeddo," alinong'ona huku machozi yanamtoka. "Mwambie sasa."

Rukiyo alifungua mdomo. Alinyamaza, simu sikioni, akisikia pumzi za mumewe kutoka mbali kule. Na tumeshasema kimya cha mwanamke kwetu kina maana gani. Alipoulizwa kama anamtaka, alinyamaza, na watu wakasema ndiyo. Alipoulizwa kama hamtaki, alinyamaza, na Mustafe akasikia ndiyo ile ile.

"Haye," Mustafe alisema polepole. "Nimeelewa."

Talaka ilikuja baada ya siku tisa, kwa mashahidi, talaka moja. Bado kulikuwa na eda, na ndani ya eda mume angeweza kumrejea kwa neno moja tu. Miezi mitatu! Watu wameokoa ndoa kwa siku moja. Mara nne Rukiyo alijifungia chumbani, akabonyeza simu kurekodi sauti yake, akaanza: "Mustafe, mimi sijui kusoma." Mara nne alijisikiliza akisema maneno hayo, na mara nne akayafuta. Adeer Warsame, mwenye uongo wake, alipita kila Ijumaa kuhakikisha siri haitoki. "Sema ulikataa," alimwambia. "Hiyo ni heshima. Ukisema lile jingine, mimi nitauweka wapi uso wangu?" Ndiyo, uso wa mzee Warsame ulikuwa hatarini. Tumbo la Rukiyo lililokuwa likizidi kukauka, hilo halikuwa neno.

Eda ikaisha. Mustafe akaoa huko huko, binti wa watu wa Wajir waliohamia zamani. Rukiyo alisikia habari hizo akiwa sokoni, akipima maziwa, na hakumwaga hata tone. Kisha aliliweka lile dumu chini, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka alasiri.

Ulipita mwaka. Anab, dada yake Mustafe, alikuja Garissa kwa shughuli zake, akapita Galbet kumjulia hali. Walikuwa wamependana, na hasira ilikuwa imempoa. Rukiyo alimtandikia mkeka, akampa chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki. Anab aliona kwenye rafu daftari dogo lililochakaa, akaona mwandiko, akalichukua kwa adabu akidhani ni uradi.

"Hii ni dua gani, abaayo, dada yangu? Siielewi hata kidogo."

Rukiyo angeweza kulinyakua. Lakini alikuwa amechoka, na hakuwa na kitu tena cha kulinda. "Soma," alisema. "Ukurasa wa mwisho. Nilipotoka Nairobi niliuandika."

Anab hakujua Kijerumani, lakini herufi za Kiarabu alizijua tangu utotoni. Akasoma kama anavyosoma mtu asiyejua anachokisema, kidole kikitembea kutoka kulia: "Lieber Mustafe. Ich komme am Samstag. Der Zug kommt um drei Uhr. Bitte hol mich ab."

"Mpendwa Mustafe," Rukiyo alifasiri, akitazama chai. "Ninakuja Jumamosi. Treni inafika saa tisa. Tafadhali njoo unipokee."

Anab alilishusha daftari. Alimtazama Rukiyo, akalitazama daftari, akafungua ukurasa mwingine, na mwingine: madume, majike, ndama, mamia, wote wamepangwa. "Hii ndiyo karatasi uliyoiacha tupu," alisema.

"Hiyo."

"Hukukataa."

"Sijui herufi za shule, Anab. Sijawahi kuzijua. Adeer Warsame alidanganya nami nikanyamaza. Niliona aibu. Nilisema, mume msomi akijua mke wake hajui A, ataniacha."

Anab akaanza kulia, si kilio cha huruma, kilio cha mtu aliyepigwa. "Msomi nani?" alisema. "Nani alikuambia Mustafe ni msomi? Kaka yangu alifika Ujerumani ana miaka ishirini na saba, hajui A wala B. Alikuwa mchunga mbuzi, kama wewe na ngamia wako. Walimweka kwenye darasa la watu wazima wasiojua kusoma, bibi mmoja mzee akamshika mkono, akamfundisha herufi moja moja. Ndiyo maana alitaka mke aliyesoma, ili mwanawe asipate taabu aliyoipata yeye. Alipoambiwa wewe umefika kidato cha pili, aliogopa. Alituapisha sote tusikuambie. Alisema, 'Akijua, atanidharau.'"

Rukiyo alikumbuka midomo ile iliyokuwa ikichezacheza juu ya simu, polepole, katika siku zile arobaini.

"Ungemwambia," Anab aliendelea huku anajifuta kwa ncha ya mtandio, "angekuja mwenyewe kukufundisha. Wallahi angekuja. Angecheka mpaka alie."

"Mwambie sasa," Rukiyo alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. "Anab, mwambie."

Anab aliinama. Alikaa kimya muda mrefu, na safari hii Rukiyo ndiye aliyelazimika kukisoma kimya cha mwenzake. "Mke wake ana mimba ya miezi saba," alisema mwishowe. "Nimwambie nini, abaayo? Nimwambie ili afanyeje?"

Chai ilipoa. Anab alipoondoka, Rukiyo alilifunga daftari lake kwa kitambaa, kama alivyofunga madumu, akalirudisha kwenye rafu. Ana miaka thelathini na tisa sasa. Ukipita Galbet alfajiri utamkuta kibarazani akisubiri maziwa, midomo inacheza, bado anawanywesha ngamia wake wa Kijerumani mmoja mmoja, wasije wakapotea. Wote wapo. Ndama wao mmoja, das Kind, humwita mwisho, na hapo hunyamaza. Wakunga hawakuwa mbali naye: alikuwepo Kerrow, alikuwepo Sabrin, alikuwepo Mustafe mwenyewe, na kila mmoja alimwambia ajifunue, naye akaikaza nguo. Wahenga waliliona hili kabla yetu, wakalisema bila haya: mficha uchi hazai.